Mama Mkwe na Sosi ya Chupa

Niliporudi nyumbani kutoka hospitalini bila mtoto, chakula pekee nilichoweza kupika kilikuwa spageti. Nasema kupika, lakini kazi yenyewe ilikuwa kuchemsha maji, kutumbukiza spageti, kuichuja, kisha kufungua chupa ya sosi ya nyanya ya supamaketi na kuimwaga juu. Hata kuipasha moto sikuipasha. Sosi ilikuwa baridi, spageti ya moto, na vikikutana kwenye sahani vinakuwa vuguvugu. Nilikula mchana, nikala jioni. Sikuipenda wala sikuichukia. Ilishuka, basi.

Mume wangu alikuwa akifanya kazi Muhoroni, kwenye kiwanda cha sukari, na alikuja Kisumu mwisho wa wiki tu. Aliomba ruhusa, akapewa siku chache, zikaisha. Asubuhi ya kuondoka alisimama mlangoni na begi lake begani, akaniuliza kama nitakuwa sawa. Nikamwambia nitakuwa sawa. Sauti yangu ilikuwa ya kawaida kabisa, na nadhani hilo ndilo lililomtisha, maana kabla hajafika Ahero alikuwa ameshampigia mama yake simu.

Mama mkwe alifika kesho yake kutoka Asembo, na kikapu kimoja na mkoba wa nguo. Hatukuwa tumewahi kukaa pamoja, mimi na yeye, isipokuwa wakati wa Krismasi. Wazazi wangu ni Wakamba. Mimi nilizaliwa na kukulia hapa mjini, lakini Kijaluo changu ni cha kununulia samaki tu, kwa hiyo tuliongea Kiswahili, yeye chake na mimi changu. Nilimwonyesha chumba cha pili. Alichungulia, akaona ukuta tuliokuwa tumeupaka rangi mpya, akarudisha mlango polepole. Alisema kwa mila yao mama halali kwenye chumba cha nyumba ya mwanawe. Akatandika godoro sebuleni, karibu na mlango wa nje, na hapo ndipo alipolala muda wote.

Jioni ile nilimwekea spageti.

“Mama, nikupikie ugali?” nilimuuliza, nikiomba moyoni akatae.

“Hapana. Nitakula chenye unakula.”

Akala kwa kijiko, akiikatakata vipande vidogo. Kesho yake akala tena. Siku iliyofuata aliweka kijiko chini kabla hajamaliza.

“Nyara,” alisema. Ndivyo alivyoniita siku zote, binti yangu. “Hii nyanya iko na sukari kama dawa ya mtoto.”

Akaisogeza sahani kando. Alikuwa amelisikia neno lililomtoka. Na mimi nililisikia, lakini lilipita tu, kama vile linasemwa kwenye nyumba ya jirani.

“Halafu ni chachu,” akaendelea. “Sukari na uchachu pamoja. Hao watu ya kiwanda hawakungoja iive.”

Asubuhi alitoa kwenye kikapu chake magadi yaliyofungwa kwenye kipande cha gazeti. Kwao magadi hutiwa kwenye mboga za kienyeji zilainike na uchungu upungue, na yeye akaona kinachotuliza mboga kitatuliza na nyanya. Alimimina sosi kwenye sufuria, akawasha gesi, akatia magadi kwa kiganja. Sosi ilifura. Ilipanda yote kwa pamoja, ikawa povu la rangi ya kutu, ikamwagika mpaka kwenye jiko na kuuzima moto. Tulionja iliyobaki. Ilikuwa kama kulamba sabuni ya kipande.

Alicheka, mkono mdomoni. “Nimezoea mboga. Mboga inavumilia.” Kisha akaniangalia usoni kuona kama nami nitacheka. Nilichukua kitambaa nikaanza kupangusa jiko.

Hakukata tamaa, na hapo ndipo nilipoanza kumjua. Alisema sosi ya chupa peke yake haiwezi kuwa chakula, inahitaji nyanya mbichi ziisaidie, na vitunguu, na dhania. Alisema pia kwamba yeye soko la Kibuye atapotea, kwa hiyo lazima nimpeleke. Nilijua hatapotea. Mwanamke aliyeuza samaki wa Asembo Bay miaka mingi hapotei sokoni. Lakini kubishana kulikuwa kazi kubwa kuliko kutembea, kwa hiyo nilivaa viatu. Ilikuwa mara yangu ya kwanza kutoka nje tangu nirudi.

Muuza nyanya wangu alikuwa pale pale pake. Wakati wa ujauzito alikuwa akinikataza kuinua kikapu, akimtafuta mtu wa kunibebea mpaka barabarani. Aliponiona aliinuka, akaniangalia tumboni, akafurahi.

“Kumbe ulishajifungua! Na mtoto umemwachia nani?”

Nilifungua mdomo. Nakumbuka nilikuwa natazama vidole vyake, vilivyokuwa na vumbi jekundu kwenye kucha, na kwamba nilikuwa tayari kusema yuko nyumbani, amelala. Lingekuwa jibu jepesi kuliko yote.

“Mtoto hakukaa na sisi,” mama mkwe alisema. “Tulizika. Nipe hizo zimeiva sana, za kupika.”

Yule muuzaji aliketi tena. “Mos,” alisema, pole kwa lugha yao. “Mos ahinya,” pole sana. Alichagua nyanya moja moja, akizigeuza kila upande, na alipomaliza kutupimia akatuongezea nyingine juu. Aliponipa mfuko alinishika kifundo cha mkono, akakiachilia.

Kwenye tuktuk ya kurudi nyumbani nilikuwa nawaza kwamba wale wawili wote ni Wajaluo. Mama mkwe angeweza kumjibu kwa lugha yao na mimi nisielewe hata nusu. Sikumuuliza. Alilisema mwenyewe, akitazama barabara.

“Nilisema kwa Kiswahili ndio na wewe usikie. Kwa ile nyumba hakuna mtu anasema.”

Siku ile tulipika pamoja. Alinipa mwiko, yeye akashika kisu. Alikata vitunguu vyembamba sana, tukavikaanga kwa moto mdogo. Kila nilipotaka kuongeza moto alirudisha mkono wangu. Vililegea kwanza, vikawa laini kama uzi, halafu vikaanza kuwa vya kahawia, na harufu ikajaa jikoni. Ndipo tukatia kitunguu saumu, na zile nyanya mbichi alizozikwaruza kwenye kikwaruzo na kutupa maganda. Tulingoja mpaka mafuta yakapanda juu. Sosi ya chupa iliingia mwisho, na chupa yenyewe akaisuuza kwa maji kidogo akayamwaga humo humo. Magadi safari hii aliyachota kwa ncha ya ukucha. Yalifanya povu dogo pembeni, likatulia.

“Sasa koroga tu,” alisema. “Usiache ishike chini.”

Nilikoroga. Yeye aliegemea ukuta, akawa anachambua dhania.

“Mimi ndio nilimbeba,” alisema. “Wewe bado ulikuwa kwa kitanda. Sisi wanawake tulimzika, mimi na dada yangu. Nilimweka nyuma ya jikoni yangu, mahali naona kila siku.”

Sosi ilikuwa inachemka kwa mapovu mazito, moja moja.

“Alikuwa na nywele,” alisema. “Mingi. Nyeusi.”

Hospitalini waliniuliza kama nataka kumwona nikasema hapana, na hakuna aliyeniuliza mara ya pili. Kwa hiyo hicho ndicho kitu cha kwanza nilichowahi kukijua juu ya mtoto wangu. Nilisubiri kulia. Nilisubiri kwa kweli, kama mtu anayesubiri kupiga chafya. Hakuna kilichokuja. Niliendelea kukoroga, na yeye akaja akatia utando wa maziwa aliyokuwa amechemsha asubuhi, kisha dhania, akazima gesi.

Ilikuwa tamu. Nalisema kwa sababu ndivyo ilivyokuwa. Ule utamu wa kiwandani ulikuwa umezama chini ya vitunguu, uchachu umepungua, na ulimi wangu ulijua hayo yote ingawa mimi nilikuwa mbali nao. Nilimaliza sahani. Mama mkwe aliona, akaichukua kuiosha.

Mume wangu alikuja Ijumaa. Tulimwekea sosi tuliyokuwa tumeipika upya mchana ule. Alikula haraka, akaongeza, akamuuliza mama yake amepika nini.

“Muulize bibi yako. Yeye ndio alikoroga.”

Mama mkwe alipotoka kwenda kuanua kanga zake, mume wangu aliweka uma chini.

“Amekuambia?”

“Amesema alikuwa na nywele.”

Akaitikia kwa kichwa. “Nyingi,” alisema. Akachukua sahani yake na yangu akaenda nazo jikoni, na maji ya bomba yakaanza kutiririka, yakatiririka muda mrefu kuliko sahani mbili. Nilibaki nimekaa. Nilijua kinachotokea kule, na nilijua mke hufanya nini mumewe anapolia, lakini mwili wangu ulikuwa mzito kama gunia lililonyeshewa. Mwishowe nilinyanyuka. Nilisimama kando yake nikachukua kitambaa, nikawa nakausha sahani. Alinipa ya kwanza, akanipa ya pili, halafu kwa kuwa hapakuwa na nyingine akaiosha ile ya kwanza tena.

Mama mkwe alirudi kwake mvua zilipoanza, kupanda mahindi. Mimi nilirudi kazini, kwenye duka la dawa karibu na stendi, na chakula changu cha mchana kilikuwa spageti na sosi ile, kwenye mkebe. Mwenzangu aliyekaa nami kaunta alionja siku moja akakataa kuamini ni ya chupa. Nilimweleza tangu vitunguu. Nilipofika kwenye utando wa maziwa niligundua amekuwa akinitazama kwa mshangao, na nikaelewa kwamba tangu nirudi hakuwa amenisikia nikisema maneno mengi kiasi hicho.

Asembo tulienda baadaye, mimi na mume wangu, wakati mahindi ya mama mkwe yalikuwa yamefika kiunoni. Alituongoza nyuma ya jikoni, akatuonyesha mahali, akarudi kwenye moto wake. Hapakuwa na cha kuona. Nyasi zilikuwa zimeota vizuri, na kuku alikuwa akichakura pembeni. Nilisimama nikingoja kuhisi kitu. Upepo wa ziwani ulikuwa unavuma, skafu ilinitoka kichwani mara mbili na mume wangu akanirudishia. Baadaye nilimwambia miguu imechoka. Tukaketi pale kwenye nyasi, bega kwa bega, na tukakaa hivyo mpaka mama yake alipotuita tunawe mikono.