Mkwe wangu alinikimbiza kwa mahindi juu ya damu ya Nasimiyu

Mulembe wakuu. Mimi ni nyanya wa Kitale, shule niliachia chini kabisa, mkiona herufi imelala chali muiinue wenyewe. Lakini hii ni kweli tupu, na wenyewe wameniruhusu.

Binti yangu Nasimiyu ameolewa Sirisia. Yeye na bwanake Wafula wanaishi na virusi vya ukimwi, wanameza dawa. Akashika mimba.

Kliniki huko Bungoma ikamtoa damu ya viral load, yaani kuhesabu virusi, ijulikane kama dawa inafanya kazi mtoto asiambukizwe. Miaka hiyo kipimo hicho kilikuwa adimu bana. Damu inapelekwa mbali, majibu unangoja kama mvua.

Akaja kwangu kupumzika. Simu yake ikaanguka kwa ndoo ya maziwa, kwisha.

Sasa, sisi Wabukusu, mama mkwe na mkwe hawakaribiani. Ukimwona unapiga kona.

Asubuhi moja navunja mahindi, namwona Wafula anakuja mbio. Nikajifunika leso, nikazama kwa mahindi. Yeye huyo nyuma!

Nikasema huyu amerukwa na akili. Nikaongeza mbio na huu mwili wangu, viatu vikabaki. Majirani kwa ua wanacheka: "Mama Nasimiyu, leo utashikwa!"

Pumzi ikaisha. Nikasimama. Wafula naye akanipa mgongo, akasema chini chini majirani wasisikie:

"Mama, nisamehe. Kliniki imemkosa kwa simu, ikanipigia mimi. Majibu imetoka, virusi bado wengi. Daktari anamtaka leo. Ako wapi?"

"Kwa shangazi yake, town. Si twende! Unangoja nini?"

Kumbe Nasimiyu alikuwa anatapika dawa kila asubuhi, anaona haya kusema. Daktari akampangia dawa upya. Akapimwa tena kabla ya kujifungua, virusi wamepungua mpaka mashine haiwaoni.

Akajifungua msichana! Mtoto akapewa dawa yake ya maji, akapimwa na kupimwa mpaka akaacha kunyonya. Hana kitu. Wakuu, nilicheza mpaka kiuno kikakataa.

Wazee nao ati Wafula alete kondoo, amevunja mwiko. Nikawaambia kondoo nitachinja mimi, na mkwe ndiye atakula nyama ya kwanza.

Nimejifunza hivi: mama mjamzito mwenye virusi apimwe mapema, na majibu ikitoka ifuatwe siku hiyo hiyo. Dawa ikikutapisha, sema. Haya haijawahi kulea mtoto.

Watu wa Cheptais na Lugulu, nyinyi mngekimbia ama mngesimama? Niambieni, na mkicheka mcheke kwa adabu.