Kiti cha Dereva Ghorofa ya Tatu

Dada yangu ni fundi makochi, na tangu utotoni hajui kunyamaza akionewa. Mimi mdogo wake ni karani wa shule, mtu wa kulipa yaishe. Barua ya wakusanya madeni ilipofika nikamshauri alipe. Aliniangalia juu ya miwani mpaka nikajutia mdomo wangu.

Barua ilidai kwamba miezi mitano nyuma gari lake liliegeshwa langoni mwa hospitali, mahali pasiporuhusiwa, na faini haikulipwa. Asipolipa ndani ya siku saba, watakuja kuchukua mali yenye thamani. Katika chumba chake cha kazi, kilichojaa sponji na vumbi la nyuzi, mali ya namna hiyo ni moja tu: cherehani kubwa ya kushonea ngozi. Aliinunua baada ya kushona kwa mkono miaka kumi na moja, na vidole vyake mpaka leo havinyooki sawasawa.

Alipiga simu. Wa kwanza akamwelekeza kwa wa pili, wa pili akamrudisha kwa wa kwanza, kisha akapigiwa muziki mpaka salio likaisha. Siku ya tatu ndipo walipomtumia picha ya ushahidi. Ilikuwa ya gari la bluu kama lake, na nusu ya namba imefunikwa na tope. Nusu hiyo mtu aliijaza kichwani mwake akaenda zake kula.

Mimi niliona gari. Dada aliona kiti. Kioo cha dereva kilikuwa kimeshushwa, na kiti kimevishwa plastiki nyeusi inayong'aa.

"Mimi nikalie kitu hiki?" akasema.

Viti vya gari lake amevishona kwa vipande vinavyobaki kwenye kazi za wateja: velveti ya kijani, maua mekundu, ngozi ya kahawia. Ndilo tangazo lake la biashara. Basi akachukua spana, akafungua nati nne, akang'oa kiti cha dereva na kunitwisha. Tulikodi teksi hadi kwa wakusanya madeni. Lifti ya jengo lao ilikuwa mbovu, bila shaka, na ofisi iko ghorofa ya tatu.

Tulipokewa na kijana mpole mwenye tai, amekalia kiti kinachotoka sponji ubavuni. Upande wetu hakukuwa na pa kukaa, kwa hiyo dada alikalia kiti chake mwenyewe na kuweka picha mezani. Kijana alitazama picha, akatazama kiti, akakubali kwamba viti havifanani. Kisha, kwa upole uleule, akasema kiti hubadilishwa, na labda hiki kimeshonwa wiki hii, baada ya barua.

Akilini niliiona cherehani ikitolewa chumbani kwake. Mkono wangu ukaingia mfukoni.

Dada akasimama, akapindua kiti, akatoa wembe. Kijana akarudi nyuma, akiivuta meza imkinge. Mimi nilijua anachotaka, na roho iliniuma. Kila kiti anachoshona, kabla ya mshono wa mwisho huandika tarehe kwenye turubai la ndani, ili mteja akija kulalamika kwamba kimechakaa mapema, wafungue wahesabu. Hajawahi kufungua hata kimoja, maana hakuna aliyewahi kulalamika. Sasa alikuwa anakata mshono wake kwa mkono wake, polepole.

Tarehe ilikuwa ya miaka miwili nyuma, wino umefifia, sponji imegeuka manjano pembeni yake. Kijana aliigusa, akaipiga picha, akaingia kwa mkubwa wake. Alirudi na barua yenye muhuri: dai limefutwa.

Dada aliisoma mara mbili, akaikunja.

"Na hicho chako kilete Jumatatu nikitengeneze," akamwambia. "Malipo kabla ya kazi."

Ghorofa ya pili, tukishuka, aliniambia nitue kiti. Akakikalia pale pale kwenye ngazi, mshono ukiwa wazi, akalia. Alisema wiki nzima amekuwa akiifunika cherehani kwa shuka, kana kwamba hawataiona. Baadaye akafuta macho kwa upindo wa kanga.

"Ulikuwa unatafuta pochi mle ndani."

"Nilikuwa natafuta leso."

"Nilikuona," akasema, akainuka. "Beba kiti."