Masika Wawili Katika Kompyuta ya Kathembo

Saa mbili asubuhi, mjini Bwera. Jonan Kathembo anaiweka kando simu ya mteja, anavuta kompyuta yake kuukuu na kuandika mstari mmoja. Anaufuta. Anauandika tena.

Fundi huyu wa simu, mwenye miaka 31, ana kazi nyingine isiyomlipa hata shilingi: kuiga seli za ubongo kwa kompyuta. Programu anayotumia ni ya bure, na lugha yake ya zamani ilimtoa jasho. Ilipoanza kupokea Python, lugha ya kompyuta ya kazi zote aliyokwisha kujifunza Kasese, akaona mambo yamenyooka.

Anamtafutia nafuu dada yake, Feresita, mwenye kifafa. Alitaka kujua ni nini kinachoweza kuuzima mshtuko ukianza.

Aliunda makundi mawili ya seli, akazipa seli za kila kundi majina kama Wakonzo, watu wa kabila lake, wanavyowaita mabinti kwa mpangilio wa kuzaliwa: wa kwanza Masika, wa pili Biira, wa tatu Kabugho. Kila kundi likawa na Masika wake, kama nyumba ya wake wawili. Nyumbani hakuna anayechanganyikiwa, maana mama zao wanajulikana. Python haijui mama wa mtu. Alipoyaweka makundi katika orodha moja, kila jina lililorudiwa lilimfuta mwenzake, kimyakimya.

Nusu ya ubongo ikatoweka. Nusu iliyobaki ikatulia tuli.

Hiyo ilikuwa Machi 2014. Akidhani mshtuko umezimika, kwa furaha Kathembo akampigia simu mama yake, Naome, huko Muhokya. "Nilimuambia, 'Mama, imetulia.' Basi."

Naome akaelewa kuwa ugonjwa umeshindwa, akaacha kumpa binti yake vidonge vya kifafa. Siku ya tisa Feresita alianguka kifafa na kuangukia moto wa jikoni. Vidole vya mkono wake wa kulia havikunjuki tena.

"Jonan iko na akili mingi. Nikasema mutoto wangu ameshinda," anasema Naome, macho chini. "Mimi simulaumu."

Inauma kumsikia, na inamuuma zaidi mwanawe. "Kompyuta haikudanganya," anasema. "Ni mimi nilidanganya mama."

Kosa lilikuwa la mistari miwili tu, lakini faraja hiyo haitaki. Sasa kila seli inaandikwa pamoja na mama yake, yaani jina la kundi lake. Ubongo umekamilika, na mshtuko hauzimiki.

Hata hivyo anapanga kuendelea. Na siku ukizimika?

"Mama hatasikia kitu," anasema Kathembo. "Nitamuuliza tu kama vidonge bado iko."