Pipa la Bi Mwanakheir

Mimi nasema, na anayetaka kununa anune. Mtaa wetu wa Kilima Tunda una kila kitu isipokuwa maji. Umeme tunao, madishi ya televisheni tunayo juu ya mabati, mnara wa simu unatutazama kutwa. Upepo ndo usiseme. Ukisimama mlangoni kwangu, juu ya njia ya kwendea Kidichi, unauona mji wote mpaka Mji Mkongwe na bahari nyuma yake. Wageni wakija husema, "Mashaallah, mnakaa pazuri!" Nami huwaambia siku nyengine waje na dumu lao.

Mfereji uliletwa, sikatai. Walikuja wakubwa, wakanawa mikono, wakapigwa picha, wakateremka. Maji yalitoka miaka miwili. Kisha Amour akajenga ghorofa lake pale kwenye kona, katikati ya mlima, akafunga mota ya kuvutia maji. Mota ile ikiwaka, bomba la huku juu linakoroma tu. Tumekwenda kwa sheha mara tatu. Mara ya tatu akatwambia subira yavuta kheri. Nkamwambia, "Sheha, subira yavuta kheri, mota yavuta maji, na Amour anavyo vyote viwili." Toka siku ile tukipishana njiani anatazama simu yake.

Jirani yangu, ukuta kwa ukuta, ni Bi Mwanakheir. Kazi yake kuosha maiti wa kike. Hataki ujira, akipewa kipande cha sabuni anashukuru. Anaitwa hapa, anaitwa Bububu, anaitwa mpaka Chukwani, na hajapata kusema amechoka.

Sasa nikwambieni habari ya pipa. Mwaka ule mfereji ulipoanza kukauka alikufa Bi Nadra, ajuza wa nyumba ya mwisho kule juu. Alikufa asubuhi, na mlima mzima haukuwa na maji ya kumkoshea. Tulipita nyumba kwa nyumba tukiomba kata kwa kata, na watu wanakufungia mlango usoni. Alizikwa siku ya pili baada ya alasiri, keshaanza kubadilika. Bi Mwanakheir aliona haya mpaka akalia mbele za watu. Akaapa kwamba maadamu yeye yu hai, hakuna maiti wa mlima huu atakayesubiri maji tena.

Akanunua pipa la plastiki la buluu, akaliweka ukumbini kwake. Likajazwa maji ya mvua, masafi, yaliyochujwa kwa kitambaa. Likafunikwa mfuniko, na juu ya mfuniko kitambaa cheupe. Hayanywewi, hayapikiwi, hayatawadhiwi. Mvua mpya ikija yale ya zamani anayamwagia migomba na kujaza upya. Tangu pipa lile lije, kila aliyekufa Kilima Tunda, mwanamme au mwanamke, kazikwa kwa wakati wake. Tukajisifu kwalo. Mitaa ya chini wana lami, siye tuna pipa.

Alikuwa na mtoto mmoja tu, Ummkulthum, wa miaka ishirini na mitatu. Baba yake kafa zamani. Kulthum alikuwa mchora piku, ile rangi nyeusi ya mikononi, na hina, na sina jirani aliyekuwa na mkono mwepesi kama ule. Mabibi harusi wakimgombania. Mikono yake mwenyewe haikosi maua meusi, maana kila mtindo mpya anajaribu kwanza kwenye kiganja chake cha kushoto. Na adabu, wallahi, adabu ya kizamani. Ukimwita anaitika "naam", si "ee" kama hawa wanangu.

Mwaka huu vuli ilipita bila ya mvua na kaskazi likaja na jua la kuchoma. Siku ya ishirini na moja bila ya tone mferejini ilikuwa Alkhamisi. Gari la kuuza maji halipandi mlima wetu, barabara imekatika. Anayetaka maji anateremka mpaka msikitini njia kuu, anapanga foleni nusu siku. Au anakwenda kisima cha bondeni, na kisima kile siye sote tunakijua. Makaro yetu yote yanachururizia huko. Maji yake tulikuwa tukifulia matambara, kunywa hakuna aliyethubutu.

Alkhamisi ile Bi Mwanakheir alikuwa kaitwa Chukwani kuosha, katoka alfajiri. Mimi nilikuwa dirishani nnachambua mchicha. Ukumbi wao nauona wote. Nkamwona Kulthum kasimama mbele ya pipa, bakuli mkononi. Kaondoa kitambaa. Kainua mfuniko.

"We Kulthum!" nkamwita.

"Naam, khalati."

"Maji ya maiti hayo, mwari. Unataka Izraili akujue jina?"

Akacheka. "Koo limenikauka, khalati. Na jioni nna bibi harusi wa kumchora. Bakuli moja tu."

"Basi kauka. Mamaako akijua, atakuosha weye ungali hai."

Nilikuwa natania. Wallahi nilikuwa natania, mdomo wangu ndo ulivyo. Lakini Kulthum akaona haya. Akarudisha mfuniko, akatandika kitambaa, akakinyoosha pembe zote nne kama alivyokikuta. Akachukua dumu akateremka. Nilidhani anakwenda msikitini. Alipopita mgomba wa jirani yetu Mjaka akakata kushoto, kuelekea bondeni, na mimi nilimwona. Nkajisemea, labda anakwenda kufua.

Na mimi ndani nilikuwa na nusu dumu la maji ya kunywa. Nusu dumu! Kwamba ningeweza kumpa bakuli, hilo lilinijia baadaye, lilipokuwa halina kazi tena.

Aliporudi gesi ilikuwa imekwisha, kwa hivyo yale maji ya kisima aliyanywa bila ya kuyachemsha. Hayo alimwambia mamaake mwenyewe, kwa sauti ndogo, Jumamosi asubuhi, alipokuwa kashaharisha na kutapika mpaka macho yameingia ndani. Bi Mwanakheir alilivua pipa kitambaa palepale. Kiapo hakukitazama mara mbili. Akakoroga chumvi na sukari, akamnyanyua kichwa, akamnywesha. Likiingia funda linatoka. Yale maji masafi yakawa yanamwagika kwenye kanga, na Kulthum anaomba radhi kwa kuyamwaga.

Gari ya wagonjwa ikaja mpaka njia kuu, ikasimama huko, haiwezi kupanda. Ikabidi tumteremshe kwenye kiti cha plastiki, tumemfunga kanga kiunoni asianguke. Mguu mmoja wa kiti alishika Haitham wa dukani, mwengine Mjaka, mwengine mimi. Wa nne alikuja Amour mbio kutoka ghorofani kwake, bila ya viatu. Nilitaka kumtemea mate usoni. Lakini kiti kilihitaji mtu wa nne, nkampisha akashika. Nyuma yake mota ilikuwa inaunguruma, na Kulthum aligeuza shingo upande ule. Nadhani alisikia maji yanaingia tangini.

Hatukufika. Alikata roho kabla ya nyumba ya sheha. Tukageuza kiti, tukaanza kupanda.

Bi Mwanakheir hakukubali mtu mwengine amuoshe. "Nimeosha watoto wa watu wote," alisema, "wangu nimwachie nani?" Akanitaka mimi nishike kata. Tukamlaza ukumbini, pazia limeteremshwa. Majani ya mkunazi yapo, kafuri ipo, na pipa lina maji zaidi ya nusu. Hakusubiri, masikini. Hakuna maiti aliyepata kuoshwa upesi kama yeye.

Nkachota, nkamimina. Bi Mwanakheir alikuwa anasugua taratibu, kama anayeogesha mtoto mchanga. Ilipofika zamu ya mikono, piku ya kiganja cha kushoto haikutoka, maua yale yakabaki meusi vilevile. Alikishika kile kiganja muda mrefu. Halafu akarowesha kitambaa kupangusa midomo, na midomo ilikuwa imepasuka kwa ukavu. Hapo mkono wake ukasimama.

"Biasha," aliniita, "siku ile ya Alkhamisi kiu kilimshika, na maji haya alikuwa nayo ndani. Mimi sikuwepo, hakuna wa kumzuia. Na hakuligusa pipa langu. Ningelijua, ningelimwambia anywe yote. Yote, Biasha! Lakini mwanangu alikuwa na adabu."

Hivi leo ni siku ya arubaini na mbili. Kila akija kwangu kukaa, ananihadithia maneno hayohayo, na kila akinihadithia nafungua mdomo wangu huu, unaowasema masheha na wenye maghorofa, na hautoki neno.

Siku ile pia sikusema. Nilimjibu, "Naam, Bi Mwanakheir, alikuwa na adabu." Nkachota kata nyengine.