Fundi Saa na Maji ya Kuoga

Fundi saa alikuwa mtu asiyekubali kitu kiende bure. Maji ya kuoshea mchele aliyanywesha nyanya zake nyuma ya nyumba. Ya kufulia aliyapigia deki. Kilichomkosesha raha ni maji ya kuoga, yaliyokimbilia mtaroni bila hata kuaga.

"Yamefanya kazi mara moja tu, tayari yamestaafu!" alimlalamikia mkewe.

Jumamosi moja akazungusha shuka katikati ya miche ya nyanya, akaingia na ndoo yake. Alikuwa ameshajaa povu kuanzia utosini hadi kisiginoni mama mkwe wake alipokuja kuwatembelea, akapitia mlango wa uani. Mawingu yalikuwa yametanda.

"Jamani, shuka litalowa!" akasema mama mkwe, akalianua.

Fundi akaganda pale pale, mikono kichwani, macho ameyafumba kwa sabuni, pumzi ameibana.

Mama mkwe akatazama, kisha akageuka upesi. "Kumbe wameweka sanamu la kutishia ndege," akasema. "Zuri, ila kitambi wamezidisha."

Hapo povu likamwingia fundi puani. Akapiga chafya iliyotikisa nyanya.

"Afya, mkwe wangu," akajibu mama mkwe, akamrushia shuka bila kugeuka, akaingia ndani taratibu. Mlango ulipofungwa tu, kicheko chake na cha binti yake kikasikika mpaka kwa jirani.

Siku hizi fundi anaogea bafuni, ndani ya beseni, kisha anayabeba maji kwenda kumwagilia nyanya akiwa amevaa kila kitu, hata soksi.