Geti Lina Maksi

Jumanne nilikuwa nikingoja muhuri katika ofisi ya mwalimu wa chuo kimoja cha ufundi mjini Kitui. Msichana anayesomea uhandisi aliingia amekumbatia karai la mchanga. Ndani yake alikuwa ametengeneza mfano wa kisima cha mtoni, kile kinachochimbwa mchangani mto ukikauka, kimezungushiwa pete za mabati zinazoshuka kadiri unavyochimba.

“Hii ni ya nini?” mwalimu wake aliuliza.

“Ni ya kuzuia mchanga usifukie watu wakichota maji, mwalimu. Kwetu Kanyangi ulimfukia mama.”

Mwalimu aligusa pete moja kwa ncha ya kalamu.

“Pole sana. Lakini haiko kwa listi ya projekti. Mtahini akiniuliza nitamwambia nini? Tengeneza geti la kujifungua lenyewe, kama wenzako. Hiyo iko na maksi.”

“Sawa, mwalimu.”

Alitoka na karai lake. Mchanga uliomwagika mezani, mwalimu aliupangusa kwa kiganja.

Kwenye rafu nyuma yake nilihesabu mageti kumi na moja ya miaka iliyopita, yote ya kujifungua yenyewe, yote na vumbi. Sina ugomvi na mageti. Ila nilipotoka, mlinzi alinifungulia la chuo kwa kuvuta kamba, na huko Kanyangi kiangazi hiki wangali wanachimba.