Jirani Anayeimbia Vifo vya Filamu

Jirani yangu wa hapa Sekei anatunga na kuimba nyimbo za filamu, na kila filamu humwita pale mtu anapokufa. Anavaa miwani ya jua hata siku ambazo mlima Meru hauonekani kwa mawingu. Watoto wakimwamkia, marahaba yake inapanda, inashuka, kisha inatetemeka kidogo mwishoni. Akisikia wimbo wake kwenye runinga ya mtu, anasimama getini, mkono kifuani, mpaka marehemu azikwe. Ikiwa ni kwangu, ndani watoto wangu wanakuwa wameshaanza kubishana ni nani anayekufa.

Juzi aliimba kwenye sendofu ya binti mmoja anayeolewa, kule Nkoaranga. Alipofika kwenye kiitikio, bibi yake binti alivua viatu, akajifunga kanga kiunoni, akaketi chini na kulia, "Jamani, ni nani tena ametutoka?" Mashangazi wakaitikia kwa vilio. Mshereheshaji akavua kofia. Jirani yangu akafumba macho, akaurudia ubeti.

Alipomaliza, bibi aliinuliwa akaenda kumshika mikono, akidhani yeye ndiye mfiwa.

"Pole sana, mwanangu."

"Asante, bibi," akamjibu. "Wimbo mwingine unatoka Ijumaa."